Samaki Sita wa Chumba cha Pampu

Jumatatu, 4 Machi

Meneja kanitwisha zigo jipya: bango la maneno ya mazingira, kwa ajili ya wanafunzi watakaotembelea kituo chetu cha maji. Eti lugha nyepesi! Nimeanza na lililo mbele ya macho yangu. Kiashiria hai – kiumbe ambaye mwili wake hutuonyesha mapema kwamba mazingira yameharibika. Yaani samaki wangu sita. Maji ya mtoni hupita kwanza kwenye tangi lao, ndipo yaende kusafishwa, kazi inayoua vijidudu lakini haiondoi kila sumu. Wakiyumba, nafunga lango la maji na kupeleka sampuli maabara kuu ikatafute sumu. Miezi minne tangu nipandishwe cheo kuwa msimamizi, hajayumba hata mmoja. Natembea kifua mbele.

Jumatano, 6 Machi

Ajabu. Bwana Mkubwa, yule samaki mwenye pengo mkiani – pengo halipo. Mkia mzima! Nimemuuliza mzee wa usafi. Akasema labda umeota upya, mama. Ananiita mama, na mimi ni rika la wajukuu zake. Nikacheka. Lakini nilipotoka niligeuka kutazama mara mbili.

Ijumaa, 8 Machi

Leo wote sita ni wadogo kuliko jana. Nimewapima kwa rula juu ya kioo, kama mwehu. Samaki hawarudi utotoni.

Na mtoni kimya. Wale vyura waliotufanya tufunge madirisha kwa kelele zao – hasikiki hata mmoja. Tangu lini? Sijui. Naona aibu kwamba sijui.

Nyumbani mdogo wangu kanicheka: dada, umechoka, lala. Mimba yake ina miezi saba. Daktari kamwambia anywe maji mengi, naye anakunywa ya bomba, maana mimi ndiye niliyemwambia hayana neno. Huwatambia majirani kuwa dada yake ndiye anayeyalinda.

Jumatatu, 11 Machi

Paka wa kituo anazunguka. Palepale, kushoto tu, kichwa kimepinda. Anaanguka, anaamka, anaendelea. Halii. Mafundi wa pampu walicheka, halafu wakaacha.

Neno la leo: Mlimbikizo wa sumu – sumu hujikusanya mwilini kidogo kidogo, anayekula walioathirika hupata nyingi kuliko wao. Nimeandika, kalamu ikasimama. Huyu paka anakula nini?

Naogopa, na sijui nimwambie nani.

Jumanne, 12 Machi

Nimewahi kazini, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mzee wa usafi yuko kwenye tangi, ndoo mbili miguuni. Moja ina samaki wazima, anaowafuga nyumbani kwenye pipa la maji ya mvua. Nyingine – wanne, matumbo juu.

Hakushtuka. Akanisalimia vizuri, akaendelea na kazi yake. Nikamuuliza ameanza lini.

"Wiki ile ile ulipopewa cheo, mama. Mwanzoni alikuwa anakufa mmoja kwa wiki. Siku hizi kila asubuhi. Waliokufa nampa paka."

Nikapiga kelele: kwa nini hukuniambia!

Akanitazama kama mtu anayesingiziwa. "Si ulisema mwenyewe? Siku ya kwanza, mbele ya watu wote. 'Nisikute samaki amekufa humu ndani.'"

Nilisema. Nakumbuka hata nilivyoshika kiuno. Nilitaka wawatunze, wasiwaache wafe kwa uzembe. Mzee kanitii neno kwa neno, miezi minne.

Lango nimelifunga. Meneja yuko njiani. Lakini matangi ya mji yamejaa maji ya jana, na hata sasa ninapoandika yanateremka majumbani mwa watu. Hayafungwi bila saini yake.

Nimempigia mdogo wangu. Asinywe tena, amwage yote, hata ya kwenye birika. Hakuuliza kwa nini. Nikasikia akiweka bilauri mezani. Kisha akasema, polepole: dada, mtoto anazunguka tumboni tangu jana. Upande mmoja tu. Hiyo ni kawaida?