Asali Niliyoiongeza

Chumba cha uani,
Nyumbani kwa binti yangu.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana najua bado hujajifunza kutulia. Goti lako linasemaje? Na wifi yangu, kifua kimempa nafasi ya kulala? Mimi namshukuru Mungu, ingawa siku hizi namshukuru nikiwa nimelala chali. Miguu imevimba, pumzi ni za kuazima. Daktari huzungumza na binti yangu barazani kwa sauti ya chini, kana kwamba uzee umeniziba na akili. Usihangaike kusafiri. Soma tu hadi mwisho, tafadhali.

Mjukuu alitaka nimtajie maneno yeye aandike, nikakataa. Acha mwandiko utetemeke. Mkono uliofanya jambo hili ndio uliseme.

Nataka kukuandikia habari ya pombe ya asali uliyoitengeneza kwa ajili ya arusi yangu. Usikunje uso. Naikumbuka vizuri. Ulichanganya asali na maji ya uvuguvugu, ukatia chachu, ukamimina yote katika ule mtungi mkubwa wa kioo. Kwenye kizibo ulipitisha mpira mwembamba, ncha yake ukaizamisha katika kikombe cha maji, mapovu yakawa yanatoka humo mchana kutwa. Ulikuwa unainama kuyasikiliza. Baba akipita anakutania, “Haya daktari, mgonjwa anasemaje leo?” Nawe unamjibu, “Bado inaongea, baba. Haiingii chupani mpaka inyamaze.”

Nasi tulisubiri. Iliponyamaza, ukasubiri tena, ndipo ukaitia kwenye chupa. Niliyaona yote hayo kwa macho yangu, ndiyo maana aibu yangu haina pa kujificha.

Wiki ya arusi, ulipokwenda kuazima viti, niliingia stoo nikaonja. Ilikuwa kavu, haina utamu hata wa kuulaghai ulimi. Nikawafikiria wakwe zangu, watu wa vicheko vya pembeni, nikawasikia wakisema kwetu hata asali tunaibania. Ningekusubiri nikuulize. Lakini si mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba? Nikafungua chupa zote, kila moja nikaiongezea asali, nikavigongelea vizibo kwa nyundo ya baba na kuvikaza kwa waya. Nikazipanga kama ulivyozipanga. Stoo ile ilipakana na jiko, na jiko lilikuwa limewaka tangu juzi yake.

Chachu haikuwa imekufa, mdogo wangu. Ilikuwa imemaliza chakula tu. Mimi nikaenda kuilisha upya, kisha nikaifunga mdomo, mapovu yakakosa pa kutokea.

Siku ya arusi, mama ndiye aliyekwenda kuzitoa. Mlipuko wa kwanza tulidhani ni meza imeanguka. Yaliyofuata hayakutupa nafasi ya kudhani. Alitoka ameuzungushia mkono wake wa kulia kitambaa cha meza, na kidole gumba kile hakikukunjika tena. Wewe na mimi tunajua kidole gumba ni nini kwa fundi cherehani.

Shangazi alipiga kelele, “Mtoto huyu anataka kutuua!” Mjomba, ambaye hata msibani hakuacha mzaha, akakubatiza palepale: Baruti. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, “Mama yako ataiweka sindano chini kwa sababu ya mchezo wako.” Nawe ulikuwa na ufagio, unakusanya vioo, unarudia, “Ilikuwa imenyamaza, baba. Haki ya Mungu, ilikuwa imenyamaza.”

Nilisimama karibu yako, shela kichwani. Unakumbuka nilisema nini? Nilisema, “Jamani, msimseme leo, mnaniharibia siku yangu.” Wakanisifu kwa moyo mwema.

Kuna jingine ambalo hulijui. Nilipokuwa nimemshikia mama beseni aoshe mkono, alilamba kidole cha mkono wake mzima. “Mbona tamu hivi?” akauliza. “Niliyoionja mimi haikuwa hivi.” Akanitazama. Mimi nikalitazama beseni. Hakuniuliza tena hadi tulipomzika. Baadaye, kila aliponiomba nimfungie vifungo vya blauzi, nilivifunga bila kumtazama usoni.

Wewe uliondoka mwaka uleule, na asali hukuigusa tena. Kila uliporudi kwenye shughuli za ukoo walikupokea kwa kelele, “Ondoeni chupa, Baruti kaingia!” Ukacheka nao kwa sababu ungefanyaje. Nami nilicheka. Naliandika hilo ulisome: nilicheka. Kisha Jumatatu nasimama mbele ya shule, mwalimu mkuu mzima, nawaadhibu watoto wa watu kwa kusema uongo.

Sikushurutishi unisamehe. Anayekufa hukataliwa na nani? Sitaki kukubana kwa kitanda changu. Ukiwa na hasira, kasirika, ni haki yako.

Ila wiki iliyopita, baada ya chakula cha mchana, niliwaambia wote waliokuwapo. Binamu yetu yule mnene, bingwa wa kukuigiza, alicheka akidhani ni utani wa wagonjwa. Alipoona sicheki aliweka kikombe chini. “Dada, kwa hiyo tumemcheka mtu bure?” Nikamjibu, “Bure kabisa. Na mimi nilijua.” Hakumaliza chai yake.

Kabla ya hapo nilikuwa nimemwomba mjukuu atengeneze mtungi mmoja kwa njia yako, auweke karibu na mto wangu nipate kuusikiliza. Uliongea, uliongea, ukapunguza, ukanyamaza. Tukangoja tena kama ulivyokuwa ukingoja. Nimeionja. Ni kavu, na ukiiacha kidogo ulimini inaleta harufu ya maua yenyewe. Ilikuwa nzuri, mdogo wangu. Tangu siku ile ilikuwa nzuri.

Chupa moja nimempa dereva wa lori anayekuja huko, nimeiviringisha ndani ya sweta langu la kijivu. Sweta mpe wifi.

Nisalimie wanao, fundi redio na muuguzi, na yule mjukuu wako mwenye pengo. Binti yangu anakusalimu sana. Binamu naye anakusalimu. Anasema mkionana atakuita kaka, basi. Mungu akulinde, akupe usingizi mwanana na majirani wema, na siku zako za mwisho zisiwe na jambo la kuficha.

Nimebaki dada yako akupendaye, niliyepaswa kukupenda mbele za watu,

Dada Mkubwa

Chupa ifungue bila hofu. Sikuongeza kitu.