Nimemwandika Wifi Kwenye Gharama

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kama umeshika kikombe cha chai kiweke chini kwanza, maana mimi nikianza kusema sijui breki ziko wapi. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha mbele cha nyumba tunayopanga, na kazi hiyo naifanya na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye ndoa yake ilipovunjika mama mkwe alimleta kwangu akasema, "Mwanangu, kaa naye kidogo apumue," na hicho kidogo kimekuwa miaka mitatu, wala sikulalamika kwa sababu siku ile ile aliyofika alivua viatu, akakunja mikono ya gauni na kuingia kwenye beseni, hakuuliza atalipwa nini na mimi sikumwambia, anakula kwangu, analala kwangu, nikiona kiatu chake kimekwisha namnunulia kingine, tukaenda hivyo hivyo kama watu wa nyumba moja.

Sasa mwezi uliopita kikundi chetu cha akina mama kilileta mwalimu wa biashara, mtu mwenye koo la kuhubiri, akatuambia biashara isiyoenea kwenye ukurasa mmoja bado haijaenea kichwani mwa mwenyewe, akatugawia karatasi za manila na kutuonyesha jinsi ya kuchora vyumba, hapa wateja wako ni akina nani, hapa unawapa kitu gani ambacho jirani hawapi, hapa fedha inaingilia wapi, hapa washirika wako, na chini kabisa chumba cha gharama, akasisitiza tusijidanganye, kila kinachokula fedha ya biashara kiandikwe, kisha tuibandike karatasi ukutani tuione kila siku. Mshauri, mimi nikifundishwa nafundishika. Kwenye wateja niliandika "watu wote", akaniuliza mbele ya wenzangu kama hata wanaotembea uchi nawafulia, wakacheka mpaka machozi, nikafuta nikaandika vizuri. Kwenye washirika nikamweka muuza sabuni wa jumla kwa kuwa hunipunguzia bei. Kwenye gharama nikaandika sabuni, maji, umeme, kodi, wanga wa kola, halafu nikajiuliza nani mwingine anakula hapa, nikaandika "Wifi: chakula, viatu, dawa". Nikaibandika juu ya meza ya pasi, na naapa sikuwa na nia mbaya, nilikuwa nafurahia tu mwandiko wangu ulivyonyooka.

Wifi aliisoma. Alisimama pale na pasi mkononi mpaka nikamwambia, "Wifi, utaunguza shati la watu," akacheka kidogo akaendelea na kazi, lakini tangu siku ile nikipakua chakula cha mchana anasema hana njaa, kumbe anashinda na chai na kipande cha mkate mpaka usiku, akaumwa jino akakataa nisimpeleke kwa daktari, anasukutua maji ya chumvi shavu limevimba, na gauni lake akaanza kulifua kwa maji yaliyobaki ya kusuuzia nguo za wateja, na mimi mjinga wa kutupwa nikadhani ni ubahili umemwingia ukubwani. Juzi ndiyo akaniambia, "Wifi, nimepata kazi hotelini, kule wanakofua mashuka. Wanatoa sare na chakula. Naanza Jumatatu, na wewe upumue." Nikamuuliza, "Nani amekwambia sipumui?" Akanyoosha kidole ukutani kwa upole kabisa, kama anayemwonyesha mgeni choo kilipo, akasema, "Umeandika vizuri, wifi. Sijakasirika. Ni kweli nakula."

Mshauri, nililia mpaka nikapata kwikwi. Nilimwambia mume wangu, akasema, "Huku mke, huku dada, nikitamka neno hapa nitalala nje," akachukua redio yake akatoka. Nikampigia simu mwalimu, akasema karatasi yangu ni sahihi, na gharama ikijiondoa yenyewe mfanyabiashara hushukuru, nikamkatia simu. Na kuna jambo jingine, nakwambia wewe tu na wasomaji wako wote, wateja wakifika wakanikuta mimi kwenye dirisha la kupokelea nguo huniuliza, "Yule mwenzako yuko wapi?" na swali hilo huniuma. Yule mzee wa duka la vitabu huleta shati moja moja, na nyumbani anayo mengi, ili tu wifi amtanie kwa vifungo vyake vinavyopishana. Wauguzi wa zahanati wifi ndiye aliyewafuata, akawaambia, "Nipeni koti moja tu, msipolipenda nitalirudisha likiwa chafu kama mlivyonipa," wakacheka, leo tunafua ya wote. Sasa nifanye nini, nilifute jina lake, na nikilifuta nimwandike wapi, maana vyumba vyote nimeshavijaza? Au nimwache aende, pengine huko ndiko riziki yake iliko na mimi namng'ang'ania tu kwa sababu sijui nitaongea na nani mchana kutwa? Tafadhali nijibu kabla ya Jumatatu.

Ni mimi, Dobi Mwenye Doa

*

Dobi wangu,

Barua yako nimeiweka mbele ya barua za wengine. Walioachwa na wachumba wataniwia radhi, mchumba aliyeondoka haanzi kazi Jumatatu.

Nianze na pole, kisha tugombane. Pole, kwa sababu barua za mawifi zinazofika mezani kwangu nyingi zinanuka moshi, na yako ni ya kwanza kwa muda mrefu iliyolowa machozi ya mapenzi. Haya, pole imekwisha. Hivi mama, unakaa na mtu miaka mitatu, mnapiga pasi bega kwa bega, halafu siku ya kuandika unaona anachokula tu? Muuza sabuni, ambaye ukikosa fedha kesho atajifanya hakujui, ukampa kiti cha mshirika. Huyu aliyekuletea zahanati nzima ukampanga na wanga wa kola!

Ukurasa wenyewe sina ugomvi nao. Ni jambo jema mtu kuiona biashara yake yote kwa jicho moja, na wengi wangeifanya hiyo kazi wasingefilisika. Kosa ni kwamba biashara ni ya watu wawili na ukaijaza peke yako. Hukuniambia uliandika nini pale unapoulizwa unawapa wateja kitu gani ambacho jirani hawapi. Nabahatisha: uliandika "usafi". Dobi gani anauza uchafu? Watu wanapita madobi wengine wakaja kwako kwa sababu dirishani kuna mtu anayefurahi kuwaona. Hilo ulilijua zamani, ndiyo maana wakimuulizia unaumia. Kijicho chako hicho, kidogo tu, nadhani kiliisogeza kalamu. Usinibishie. Mimi mwenyewe ninacho, na nikikiachia kinaandika vizuri kuliko mimi.

Jambo jingine, na hapa ndipo nataka uketi. Kwenye gharama mbona hukujiandika wewe? Unaishi kwa hewa? Chakula chako, viatu vyako, dawa zako vinatoka wapi kama si kwenye beseni lile lile? Ulijisahau kwa sababu mwenye nyumba hajihesabu kuwa anakula. Anayehesabiwa ni mgeni. Wifi yako alisoma hivyo, na alisoma sawasawa.

Wala usinitetee na "watu wa nyumba moja". Neno hilo ni tamu, lakini mmelitumia kukwepa mazungumzo ambayo yangewachukua kikombe kimoja cha chai. Mtu mzima anayefanya kazi bila kujua fungu lake hakai kwa raha, kila siku anangoja kuambiwa amekula vya kutosha. Wewe hukutaka kumwambia hivyo, ila ukuta ukamwambia.

Basi fanya hivi, na uanze leo. Kwanza mpeleke kwa daktari wa meno, maana mwenye jino bovu hasikii jema la mtu. Asikwambie habari ya fedha, mwambie mtagombana baadaye. Mkirudi, fungeni dirisha. Ile karatasi ya zamani usiifute, akiiona imefutwa atajua unaona aibu lakini hatajua unawaza nini. Ibandue mbele yake, umwambie kwa kinywa chako kwamba ulikosea, kisha tandika manila mpya mezani na kalamu ashike yeye. Chumba kwa chumba, ulizaneni. Kwenye gharama muandikwe wote wawili, kila mmoja na ujira wake wa mwezi, hata ukiwa mdogo, muradi unajulikana. Kitakachobaki baada ya kulipa kila kitu mgawane kwa fungu mtakalokubaliana, na yeye awe na haki ya kukataa fungu lisilomridhisha. Mume wako azime redio aje kuwa shahidi. Hakuna anayelala nje kwa kushuhudia haki. Mwalimu naye mrudie siku moja, kwa heshima, umweleze kwamba kuna gharama ikiondoka inaondoka na wateja.

Na usimpe ushirika kwa huruma. Huruma inachoka, na ikichoka huanza kuhesabu upya vipande vya mkate. Mpe kwa sababu ni haki yake, wewe mwenyewe umenithibitishia kwa barua nzima.

Huenda baada ya yote haya akasema bado anataka kwenda hotelini. Ana haki hiyo. Ameanza maisha mara mbili na hakuna aliyemuuliza anataka nini, si alipoachika wala alipoletwa kwako. Akitaka sare na mshahara wake mwenyewe, mshonee hata kifungo kilicholegea, umsindikize mpaka getini bila kununa.

Lakini asiondoke kwa kudhani ni mzigo. Kwa hiyo kabla hamjatoka kwenda kwa daktari, mwambie. Usianze na "sisi ni ndugu", usimtaje mama mkwe, usiongeze hata neno moja la biashara. Miaka mitatu amevumiliwa vizuri sana, hajawahi kuambiwa kwamba anatakiwa. Mtazame usoni, useme, "Wifi, nakupenda, naomba usiende." Halafu wewe usiye na breki, funga mdomo umsikilize.