Mkebe Uliorudi Umejaa

Timboroa, 4 Agosti 2024

Jerop,

Hamjambo huko Kimumu? Mimi ni mzima, baridi tu. Simu siitaki tena, masikio yamegoma, kwa hivyo Irungu wa lori la viazi atakuletea barua hii na mkebe.

Ni mafuta ya alizeti niliyoyeyusha na nta ya nyuki. Mpake wajina wangu kwenye viwiko na nyuma ya magoti akitoka tu kuoga, ngozi ikiwa bado na maji. Usimsugue. Desemba nataka aje akae nami wiki mbili. Ana miaka minne na hajawahi kulala kwa nyanyake.

Mamako, Waiyego

Kimumu, 1 Septemba 2024

Mama,

Habari ya huko? Mwanao Muigai anakusalimia. Mafuta yamemsaidia. Viwiko vimelainika na hajikuni sana. Nimeweka majani chai kwenye mkebe, maana najua kwenu chombo hakirudishwi kitupu. Desemba atakuja.

Binti yako, Jerop

Timboroa, 15 Septemba 2024

Jerop,

Natumai hamna homa. Chai ni nzuri. Safari hii nimejaza mkebe mkubwa, umtoshe hadi Desemba.

Mamako

Timboroa, 17 Novemba 2024

Jerop,

Mko wazima? Mimi niko.

Irungu ameleta ule mkebe mkubwa. Umerudi na mafuta yangu ndani, yamechotwa mara moja tu, na barua hakuna. Nilikasirika siku tatu. Nikasema huyu msichana amenidharau, na mtoto sitamwona.

Jana nikayachota nipake mikono yangu, ndipo nikasikia harufu. Ule mkebe ulikuwa wa dawa yangu ya kuchua magoti. Niliuosha kwa jivu na maji moto nikadhani umetakata. Nimemchoma mtoto. Pole sana, mama.

Haya ni mengine, kwenye chupa mpya. Mpake kidogo mahali pamoja, ungoje siku mbili. Yakimkataa, mwaga. Habari ya Desemba siulizi.

Waiyego

Kimumu, 15 Desemba 2024

Mama,

Tumeamka salama. Ni kweli yalimchoma. Mikono iliwaka, akalia hadi tukampeleka kliniki. Nesi akasema kitu chochote chenye harufu kali kisimguse. Nilikasirika, nikamwambia Muigai mtoto haendi Timboroa. Lakini ningekuandikiaje kwamba jina lako limechomwa na mkono wako? Nikaona afadhali mkebe urudi hivyo hivyo. Nilikosea kunyamaza, nisamehe.

Haya ya chupa yamemkubali, na yameisha. Chupa narudisha tupu. Sikuweka chai wala sukari. Jumamosi asubuhi simama barabarani, Muigai atakuwa anakuja. Chupa imebebwa na Waiyego mdogo mwenyewe, na amekataa mtu mwingine aishike.

Binti yako, Jerop