Harusi ya Watu Arobaini

Tashkent, 2 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, uvimbe wa mguu umepungua na dawa unakunywa bila kusukumwa. Mimi ni mzima, nakula, nalala. Kwenye simu hunisikii, mashine za kufumia zimekumalizia masikio, kwa hiyo nampa dereva Tolib barua akuletee mpaka mlangoni hapo Marghilan.

Baba, mimi na Behzod tumekata shauri. Tunataka harusi ndogo. Watu arobaini tu, ishirini kwao, ishirini kwetu. Hakuna tarumbeta, hakuna mtaa mzima, hakuna watu nisiowajua wanaojaza pilau kwenye mifuko. Tumepata ukumbi mdogo wenye bustani. Lakini usidhani harusi ikiwa ndogo inakuwa rahisi! Sahani, maua, vitambaa, hadi mtu wa kukuvutia kiti ukae. Kila jina ninaloongeza ni pesa, som laki sita. Sasa ndiyo naelewa kwa nini watu hukonda kabla ya kuolewa.

Orodha ya watu wetu iko humu ndani. Isome, unijibu.

Binti yako,
Zulhumor

*

Marghilan, 9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mguu uko vilevile, dawa nakunywa, zinanuka kama soksi. Huku wote wazima na wanakusalimu, hata wale uliowakata.

Orodha nimeisoma mara tatu. Mpiga picha ana kiti. Msaidizi wake ana kiti. Kuna mwanamke umemwandika "wa kope", sijui ndiyo kazi gani, naye atakula. Bosi wako wa benki yupo, na mkewe. Oyposhsha hayupo.

Ulikuwa na miaka sita mama yako alipofariki. Aliyemwosha ni Oyposhsha. Aliyekutoa chawa, aliyekusuka nywele, aliyelala sakafuni kando yako ulipougua surua, ni huyohuyo, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Leo kope zina kiti, yeye hana? Nani kamkata? Nitajie jina.

Baba yako

*

Tashkent, 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Hali yako? Usikasirike, presha itapanda.

Si mimi. Ni mama yake Behzod, Bi Mavluda. Unajua mwenyewe Mama Oyposhsha ana mbalanga, na siku hizi mabaka yametapakaa uso mzima na mikono yote. Bi Mavluda anasema wageni wake wakimwona anashika mkate watashindwa kula. Nimemwambia hauambukizi, baba, nimemwambia sana. Lakini wanaolipia ukumbi ni wao. Ningefanyaje?

Niachie mimi. Nitamtafutia njia.

Binti yako,
Zulhumor

*

Marghilan, 27 Machi

Binti yangu,

Leo sina hamu ya kuuliza hali ya mtu.

Njia yako imefika. Sanduku lenye utepe wa dhahabu, jina la mtumaji halipo. Oyposhsha alidhani ni kadi ya mwaliko. Akanawa mikono kwanza, ndipo akafungua. Ndani mna glavu za hariri, ndefu za kufika viwikoni, na chupa ya rangi ya kupaka usoni. Na kikaratasi kilichopigwa chapa: "Ukivaa hivi, karibu."

Alikuja kwangu amejipaka. Uso kama ukuta uliopigwa plasta, shingo ina rangi yake, masikio yana rangi yake. Akasimama mlangoni na zile glavu, akapaza sauti ili nisikie:

"Ergash, sasa je? Wataweza kula?"

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikatapika. Si kwa sababu ya uso wake. Nilikuwa nafikiria mkono uliofunga ule utepe, ukaulainisha, ukaukunja vizuri.

Mwambie huyo Mavluda ni takataka. Mwambie hivyohivyo, usipunguze. Nyumba inayofikiria jambo kama hili inanuka, na wewe ndiko unakoenda kulala. Ukumbini mwake mimi siji.

Baba yako

*

Marghilan, 21 Aprili

Zulhumor,

Wiki tatu umenyamaza. Sasa najua kwa nini.

Jana nilipata mgeni. Mavluda mwenyewe, kashuka garini na mto wake wa kukalia, analalamikia vumbi tangu mlangoni.

"Bwana Ergash," akasema, "nasikia huji harusini. Nimekukosea nini?"

Nikamtolea yote. Sikumsaza. Nilipokuwa katikati ya matusi, Oyposhsha akaingia na mikate iliyotoka tanurini, uso wake mtupu kama Mungu alivyompa. Mavluda akamtazama.

"Huyu ni nani?"

"Ndiye uliyemletea glavu."

"Glavu gani?" Akamgeukia Oyposhsha. "Dada yangu, mimi nakuona leo. Hata jina lako sijawahi kulisikia. Nilimuuliza Zulhumor nani alimlea, akaniambia shangazi yake, na kwamba alishakufa."

Kisha akachukua mkate mkononi mwa Oyposhsha, akamega, akala. Akasema chumvi imezidi. Akamega tena.

Mwezi mzima nimemtukana mwanamke wa watu. Kinyaa kile chote sasa kimehamia kwako, na wewe ni damu yangu. Sijui mtu hufanya nini na kinyaa cha namna hii. Chakula hakipiti.

Oyposhsha alikusanya makombo kwenye kitambaa, akaenda kwake.

Usiniandikie mimi. Yeye anajua kusoma.

Ergash

*

Tashkent, 25 Aprili

Mama Oyposhsha,

Shikamoo. Nataka kukuuliza hali na naona sina haki, lakini nauliza: u mzima? Unalala?

Bi Mavluda hakukukata. Hakuna aliyekukata. Jina lako sikuliandika tangu mwanzo. Wiki ya kwanza benki, msichana mmoja aliona picha yetu mezani kwangu, akakunja uso, akauliza, "Huyo mwenye mikono hiyo ni nani?" Nikasema ni mfanyakazi wetu wa zamani. Picha nikaifungia kwenye droo. Kuanzia hapo kila uongo ulikuwa unaita mwingine. Behzod alipouliza, nilikuwa nimeshakuzika. Nilitaka harusi ndogo ili watu wa kwetu wawe wachache, asipatikane wa kukutaja.

Glavu nilinunua mimi. Nilizijaribu dukani mkononi mwangu, nikaona zimenikaa vizuri, nikalipa. Niliona nimefanya wema: ungekuja kama jirani tu, mabaka yasionekane. Hiyo ndiyo inayonitia kichefuchefu zaidi, kwamba nilitoka dukani nimefurahi.

Nimemwambia Behzod. Akasema harusi ipo, ila lile jambo la shangazi aliyekufa atalikumbuka. Mama yake ameagiza kiti chako kiwekwe karibu na changu.

Njoo, mama. Njoo ulivyo. Nitasimama mbele ya wote arobaini niseme wewe ni nani.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Zulhumor

*

Marghilan, 3 Mei

Zulhumor mwanangu,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima, baba yako pia, ameanza kula kidogo.

Harusini siji, na usinibembeleze. Kusimama mbele ya watu wa Tashkent ukanitaja, hilo ni la kukupendeza wewe. Wale hawanijui, wakinionea huruma au wakinichukia, kwangu ni sawa tu. Baba yako nimemwambia aje. Nimempigia pasi koti.

Kilichoniuma ni mtaa. Siku ile nilitoka nje nimejipaka, nikapita njiani hadi kwa baba yako, na wanawake wote waliokuwa nje waliniona. Hawakucheka. Waliinamisha macho. Miaka hamsini na nane natembea njia hii na uso wangu, hakuna aliyewahi kuinamisha macho.

Kwa hiyo ukishaolewa, njoo. Njoo siku ya kawaida, mchana, wakati watu wako nje. Tolib akushushe mwanzo wa mtaa, utembee. Usipitie kwa baba yako. Uingie kwangu kwanza, na mlango uuache wazi.

Mimi mama yako,
Oyposhsha