Kadi Niliyoisafisha

Mama Anna,

Chai iko kwenye chupa. Maharage nimechemsha, yaunge mwenyewe. Leo sijiamini na kitu chochote.

Kile kikompyuta kidogo kando ya spika usikichomoe. Fungua simu yako, bonyeza alama ya redio, kitapiga muziki humu ndani. Kinafanya kazi vizuri kabisa. Ila hakina wimbo hata mmoja.

Asubuhi uliniuliza, "Kadi ya simu yangu ya zamani umeiona?" Nikajibu, "Ipi hiyo?" Nilikuwa nimeishika mkononi. Kikompyuta kilihitaji kadi ya kumbukumbu, nikachukua ile ya kwenye droo, nikaisafisha yote bila kuangalia kilichomo. Mtaalamu wa kompyuta, wizara nzima kule mji wa serikali Mtumba inanitegemea! Uliponiuliza ndipo nikakumbuka kilichokuwa kimerekodiwa humo: marehemu baba yako akiimba na zeze lake siku ya harusi yetu.

Nilishindwa kukutazama. Ulipoenda kanisani nikampigia kaka yako Zablon. Akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji, wimbo upo kwenye simu ya Mama, lakini mtandao wa huku Kibakwe hautumi hata picha."

Kwa hiyo naufuata kwa basi. Nitarudi ~~leo jioni~~ kesho.

Nisamehe, kwanza kwa uongo, halafu kwa kadi. Na tafadhali usimpigie Mama kabla sijafika. Nataka asikie kutoka kwangu, nikiwa nimekaa mbele yake, kwamba sauti ya mumewe niliifuta mimi.

Baba Anna