Wamenichagua Mwenyekiti wa Jumuiya, na Mimi Sijabatizwa

Mama Eva, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya debe nyuma ya zizi, mke wangu anadhani natengeneza mlango wa ndama, na nakuomba sana unijibu mapema maana Pentekoste imebaki wiki tatu tu na mimi nimejiingiza kwenye jambo ambalo sijui nitatokaje.

Jina langu ni Gidamis, nina miaka thelathini na tisa, kwetu ni chini kule Hanang, sisi ni watu wa ng'ombe, baba yangu hakubatizwa, babu yangu hakubatizwa, na hakuna aliyewahi kuona kwamba kuna kitu kimepungua. Mke wangu Efrazia ni Mkatoliki wa kuzaliwa, kwao ni Maretadu, nilimwoa kimila, mahari nikatoa yote, wazee wakakaa wakaridhika, lakini kanisani hatukwenda. Miaka sita iliyopita shangazi yake alimwachia shamba huku Tlawi, tukapanda juu na mifugo yetu kuja kuanza maisha mahali ambapo hatukuwa tunajulikana na mtu hata mmoja.

Sasa Mama, kosa lilianza wiki ya kwanza kabisa. Huku kila Jumamosi asubuhi jumuiya inasali kwenye nyumba ya mwanajumuiya, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, basi majirani wakatuchukua, nikakaa pembeni kwa adabu kama mgeni, mara mzee Nikolausi, ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti, akatoa daftari akaniuliza, "Karibu sana ndugu yetu. Jina lako la ubatizo nani?" Nyumba nzima wananitazama, na mimi naapa sikupanga kudanganya, macho yalikwenda tu ukutani kwenye kalenda ya kanisa, nikaona jina la mtakatifu mmoja, nikasema, "Joakimu." Akaandika. "Na ndoa?" Hapo Efrazia akadakia, "Ilifungwa kule Hanang." Akaandika tena, wakatupigia makofi, ikawa imekwisha hivyo.

Nilidhani ni jambo la siku moja, nitakwenda mara mbili tatu kisha nipotee taratibu, lakini watu hawa hawakuacha nipotee. Mwaka wa pili niliugua mwezi mzima, sikuweza hata kusimama, wakaja wote na mapanga wakanivunia mahindi, akina mama wakapika makande kwenye sufuria zao wenyewe, tangu hapo nikawa nakwenda kila Jumamosi, mwanzo kwa aibu, baadaye kwa sababu napenda. Nyimbo nimezijua zote. Sauti yangu ni ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mbuga, nikianzisha wimbo jumuiya ya kijiji cha pili wanajua sisi tumeshaanza.

Kanisani kigangoni kwetu ikifika komunyo mimi natoka kwenda kusimama mlangoni, mlango wenyewe haufungi vizuri, nazuia mbuzi wasiingie. Efrazia naye alikuwa anatoka na mtoto kwenda kumnyonyesha nje, kwanza yule mkubwa, halafu mdogo, lakini sasa mdogo ana miaka mitatu na anakula ugali kunishinda mimi, hakuna tena wa kumnyonyesha, kwa hiyo siku hizi anabaki amekaa kwenye benchi na watu wanapita juu ya magoti yake wakienda mbele.

Pasaka hii padre alikuja kwetu. Alipouliza kama tunamkataa shetani nilijibu kwa sauti kubwa kuliko wote, mpaka katekista Margwe akageuka kuangalia ni nani huyo, na maji ya baraka yalipomwagwa tone likanipata usoni, Mama Eva, nikalia, mwanaume mzima, na mpaka leo sijui nililia nini.

Jumamosi iliyofuata tukiwa kwenye sala ya jumuiya wote wakaanza Malaika wa Bwana kama walivyozoea, mimi nikawakatisha nikasema hapana jamani, hiki ni kipindi cha Pasaka, tunasali Malkia wa Mbingu, tena tunasimama. Mzee Nikolausi alicheka mpaka akakohoa, kisha akasema yeye amekuwa mwenyekiti miaka kumi na minane, magoti yamechoka, tuchague mwingine leo leo. Jirani yangu Severine akasimama akasema, "Mimi namtaja Joakimu. Mtu mnyenyekevu, miaka sita anajiona hastahili hata kusogea mbele, anatulindia mlango!" Mikono yote juu. Nikakataa. Wakasema, mnaona unyenyekevu wake? Nikakataa tena, wakazidi kupiga makofi. Mara ya tatu wakaimba. Mpaka jioni kwenye grupu la jumuiya ni hongera mwenyekiti, hongera mwenyekiti, maua na njiwa, Efrazia akazima simu akaiweka chini ya mto.

Sasa viongozi wapya watasimikwa na paroko siku ya Pentekoste, na katekista Margwe anakusanya vyeti, cha ubatizo na cha ndoa. Efrazia anasema niseme viliungua nyumba ilipoungua. Mtu mmoja wa nyumbani niliyempigia simu anasema kwa rafiki yake kuna cheti cha mtu aliyekwenda mbali, jina ni lingine lakini linafutika. Na la kunitisha zaidi, wiki iliyopita mzee Nikolausi alisimama kwenye uzio wangu akaniambia, "Joakimu, kama cheti kinasumbua kupatikana, njooni kwangu tunywe chai, wewe na mama, kabla ya Pentekoste." Tangu siku hiyo silali, naona anataka kunikamata mbele ya mashahidi.

Nimeanza kufikiri nichukue ng'ombe nishuke nao Hanang, nisirudi tena. Nikisema ukweli watanifukuza, na mimi mahali pengine pa kuitwa ndugu sina. Niseme viliungua, nichukue kile cheti, au nihame? Naomba usitaje jina langu, usiandike Gidamis wala usiandike Joakimu, andika hata Tito.

Mimi mwenye shida,
Tlawi

MAMA EVA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuondoe hofu: majina yote nimeyabadilisha na kijiji pia. Tito nimeona halikukai vizuri, nikakupa mengine. Kwa hiyo ninyi watu wa Tlawi mnaosoma hapa, tulieni, acheni kutazamana nani anasimama mlangoni.

Hee, Gidamis! Nimecheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Mtu anatafuta jina ukutani kama anayetafuta tarehe ya kupanda maharage! Na wale waliokuchagua nao, unakataa mara tatu wanakuimbia. Nimecheka kweli. Halafu nikafika kwenye lile benchi analokaa mkeo, kicheko kikaisha. Nitalirudia.

Tuanze na vyeti. Viliungua? Nyumba ipi? Wewe hujui kwamba ubatizo unaandikwa kwenye kitabu cha parokia, na ukipoteza cheti padre anapiga simu tu huko ulikobatizwa wakufungulie ukurasa? Watafungua ukurasa gani, wa zizi lenu? Watamtafuta Joakimu mpaka macho yawaume, na mwisho watakutazama wewe. Na hicho cheti cha mtu aliyekwenda mbali usikiguse. Sikia vizuri, usikiguse. Mpaka sasa wewe ni mtu aliyeshikwa na aibu akasema neno moja la kijinga mbele ya wageni. Ukifuta jina la mtu mwingine utakuwa kitu kingine kabisa, na huko mimi sikufuati.

Unasema watakufukuza. Kwa kosa gani? Kutokubatizwa? Mbona kwenye jumuiya nyingi wanakaa majirani ambao hawajabatizwa, wanasali, wanaimba, wanakula makande, na hakuna anayewauliza kitu? Ungesema siku ile, "Mimi naitwa Gidamis, sijabatizwa, nimemsindikiza mke wangu," wangekukaribisha vilevile na ungekuwa umelala usingizi miaka sita. Kinachokutafuna ni uongo, na uongo unatibika kwa kuusema.

Sasa huyo mzee Nikolausi. Ndugu yangu, wewe unajua ng'ombe wako mmoja mmoja, yupi anachechemea, yupi hajanywa maji. Unafikiri mtu aliyeongoza jumuiya miaka kumi na minane hajui watu wake? Mtu anayetaka kukukamata hakuiti nyumbani kwake, tena hakwambii uje na mkeo. Cheti cha ubatizo cha mwanaume kinamhusu nini mkewe mpaka aitwe kwenye chai? Mimi sikuwepo kwenye huo uzio, naweza kuwa nimekosea, lakini ninavyosoma, huyo mzee ameshajua, na anakutafutia njia ya kusema bila kudhalilika. Na wewe unamkimbia! Mwanaume unaogopa chai.

Uenyekiti utaurudisha. Hilo halina mjadala. Kabla ya Pentekoste, tena Jumamosi hii, kwenye sala, usimame mwenyewe, siyo Efrazia akusemee, useme jina lako ni Gidamis, hujabatizwa, ndoa yenu haijabarikiwa, na unaomba radhi. Sema kwa kifupi. Usianze kueleza kalenda, watacheka na wewe utaona umesamehewa kabla hujamaliza. Severine atakasirika, maana alikusifu mbele ya watu, na ana haki. Mwache akasirike. Wiki mbili tatu atakusalimia kwa mkato, wewe msalimie vizuri kila siku. Kutakuwa na mama mmoja wa kusema, "Mimi nilijua tangu zamani," naye mwache. Ila kabla ya Jumamosi nendeni kwa mzee, halafu nendeni kwa padre, asije akasikia habari hizi njiani.

Kuhusu kubatizwa. Hukuniuliza, lakini umeniambia ulilia, na mtu haniandikii kwamba alilia kama hataki nimuulize. Unautaka ubatizo? Kama unautaka ili uokoe kiti, acha. Kama unautaka kwa sababu ya lile tone la maji, mwambie padre hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, uingie mafundisho. Utakaa na vijana wadogo, katekista Margwe atakuuliza maswali, utajibu. Itachukua muda, na kujua Malkia wa Mbingu hakutakupunguzia hata wiki moja. Na kama moyo wako haujafika huko, usibatizwe. Endelea kuimba. Sauti hiyo wanaihitaji.

Sasa nimrudie Efrazia, na hapa nakukaripia kweli. Umeniandikia kurasa nzima: aibu yangu, usingizi wangu, ng'ombe wangu. Mkeo umempa mistari michache. Wewe ukikosa komunyo hukosi kitu ulichowahi kuonja. Yeye ameipokea tangu akiwa msichana wa shule, na kwa kuwa ndoa yenu si ya kanisani haruhusiwi tena kuipokea, miaka sita sasa anatafuta sababu ya kutoka nje. Mtoto amekua, sababu imekwisha, anakaa watu wanampitia magotini, na akirudi nyumbani anakupikia, halafu anakusaidia kutunga habari ya nyumba kuungua ili wewe usiaibike. Naye amekosa, simtetei, alidanganya mbele ya mzee kwa kinywa chake na ana la kuungama. Lakini yeye angeweza kukuacha, Gidamis, akarudi Maretadu, akaipata komunyo yake. Alichagua kukaa na njaa karibu yako. Na wewe unafikiri kuchukua ng'ombe ushuke Hanang! Ng'ombe ungewachukua. Yeye ungemwambia nini?

Pengine hili hamkulijua: Mkatoliki anaweza kufunga ndoa kanisani na mtu ambaye hajabatizwa. Padre anaomba ruhusa kwa askofu, kuna maswali ya kujibu na ahadi za kutoa, lakini inawezekana, na Efrazia hana haja ya kungoja umalize mafundisho, au hata uyaanze. Muulizeni padre juu ya hilo kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya uenyekiti, kabla ya ubatizo wako.

Basi ondoka hapo nyuma ya zizi. Ingia ndani sasa hivi, mkute mkeo, usimuulize mtasema nini kwa Margwe. Muulize kama anataka kurudi komunyo. Atalia. Usimkatize, usimwambie nyamaza, mngoje amalize. Akimaliza vaeni viatu mwende kwa mzee Nikolausi wote wawili.

Labda haitakuwa Pentekoste hii, mambo ya ruhusa hayaendi mbio. Lakini iko Jumapili moja inakuja, mstari utapangwa kwenda mbele, na Efrazia atainuka kwenye benchi aende na wenzake. Wewe utabaki umekaa, Gidamis, na kanisa zima litajua kwa nini umebaki. Mtazame akienda.