Baba, Yusta Anaomba Meza ya Bwana

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naandika nikiinuka kila mara, maana kiti hakikaliki leo.

Kesho baada ya ibada wazee wa kanisa wanakutana kumjadili binti yako Yusta. Jumatatu anapasuliwa tumbo, na anaomba apewe Meza ya Bwana, mkate na divai, kabla ya kwenda hospitali. Alitengwa na kanisa miaka saba iliyopita kwa kuishi na mwanaume bila ndoa ya kanisani. Aliyesimama kudai atengwe ni mimi.

Unakumbuka maziko ya mzee Kamuli kule Kaniha? Naye alikuwa ametengwa, kwa kuoa mke wa pili, na desturi yetu ilijulikana: aliyetengwa hazikwi kwa Kitabu cha Sala. Ziimbwe nyimbo, mtu aombe kwa kifupi, basi. Wewe, mwinjilisti, ulikitoa kitabu kwenye koti ukasoma ibada yote, neno kwa neno, kana kwamba unamzika askofu. Watu wakatazamana juu ya kaburi. Yule mjane mdogo, mke wa pili, akaangua kilio.

Nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia, kichwa kimejaa. Kwenye kikao cha wazee nikakurukia: "Mwinjilisti ameigeuza neema kuwa ruhusa!" Sikukuita hata Baba.

Ukaniuliza, "Na wewe ulipewa kwa sababu ulifanya nini?"

Nikakujibu kwa mistari tisa ya Biblia. Mzee mmoja akacheka, "Mtoto huyu amesoma, bwana!" Ukasimamishwa kazi mwaka mzima. Kila Jumapili ulikaa nyuma pamoja na waliotengwa, ukiitikia sala kwa sauti kubwa kuliko sisi wa mbele. Nilidhani unanisuta. Kumbe ulikuwa unasali tu.

Tangu hapo nimebishana na kila mtu. Wanaouza mafuta ya upako sokoni nimewakabili na kuwaambia wokovu ni zawadi, haununuliwi wala haufanyiwi kazi. Bado naamini hivyo, na nitawakabili tena. Lakini jana nilikwenda Nyabusozi kumwona Yusta.

"Kaka mhubiri," akaniambia, "hiyo zawadi unayoipigia kelele sokoni, huku kwetu imekwama kwenye tope?" Akacheka, akashika ubavu. Kisha akasema polepole, "Naogopa kisu, kaka. Nataka niende nikiwa nimekula pamoja na wenzangu."

Niliondoka bila kuifungua Biblia niliyoibeba.

Sisemi ndoa si kitu, wala sitasema. Nasema tumemnyima mgonjwa chakula ili sisi tuonekane safi, na nilikuwa wa kwanza kumnyima. Ulipokuwa hai sikukuomba msamaha, nikisubiri kwanza ukubali kwamba nilikuwa na hoja. Nisamehe, Baba.

Kesho nitasimama. Hotuba nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena. Kila hoja ninayoiweka, nasikia wazee wakiijibu, na wanaijibu kwa maneno niliyowafundisha mwenyewe. Wanafunzi wangu ni wazuri mno. Huenda wakanishinda.

Ningekuambia uniombee, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sisi hatuwaombi marehemu. Basi naomba mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sina ninachojitetea nacho.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
kaka yake Yusta